Menyu zetu: Kiswahili jaladani, Kiingereza ndani

Wahenga walitukanya tusihadaike na uzuri wa mkakasi, kwani ndani yake ni kipande cha mti. Methali hii hunijia kila ninapoketi katika mkahawa wa hadhi nchini mwetu nikakabidhiwa orodha ya vyakula. Jalada la orodha hiyo aghalabu huwa zuri la kupendeza macho. Pengine ni la ngozi nyeusi iliyopigwa chapa ya jina la mkahawa kwa rangi ya dhahabu. Pengine limevishwa kitambaa cha leso au kitenge. Pengine ni ubao uliosuguliwa ukang'aa. Juu yake pameandikwa "Karibu" au "Jambo". Ukilifungua, Kiswahili kimekomea papo hapo. Kuanzia supu hadi matunda, ni Kiingereza kitupu.

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini mhadhiri wa isimu ajishughulishe na majalada ya menyu ilhali kuna mambo mazito ya kujadiliwa: sera ya lugha, vitabu vya kiada, mitihani. Jibu langu ni kwamba lugha haiishi katika sera peke yake. Lugha huishi katika tiketi ya matatu, katika karatasi ya dawa, katika kibandiko cha chupa na katika orodha ya vyakula. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema waziwazi kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Maneno hayo ni mema. Lakini raia hasomi katiba anapotaka kula, husoma menyu. Hapo ndipo hujua kama lugha yake imekaribishwa mezani au imeachwa mlangoni.

Dai langu katika makala haya ni moja. Anayechagua jalada la menyu huwa anachagua lugha na anachagua msomaji, hata kama mwenyewe hajui. Na kwa kuwa wengi hulichagua jalada kwanza, maneno baadaye, na msomaji hawamfikirii kabisa, matokeo yake ni menyu zinazowanyamazisha watu katika nchi yao.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo penye siri. Neno "jalada" tulilipata kutoka Kiarabu, na mzizi wake ni ule unaotaja ngozi. Kufunga kitabu kulikuwa ni kukivika ngozi, na kwa hivyo jalada na ngozi vilikuwa kitu kimoja. Mwenye mkahawa anayedhani kwamba jalada halisi lazima liwe la ngozi anarudia, bila kujua, maana ya zamani ya neno lenyewe. Neno "menyu" nalo asili yake ni Kifaransa, na nyuma yake kuna neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichopunguzwa kikawa kidogo. Menyu ni maelezo ya kina, yaliyochambuliwa kimoja kimoja. Ajabu zaidi ni kwamba neno letu "karatasi", lililopitia Kiarabu, lina babu mmoja na neno ambalo Wafaransa hulitumia kwa orodha ya vyakula mkahawani. Wote wawili walitoka kwa Wayunani. "Karata" zinazochezwa na "kadi" inayoandikwa ni ndugu wa ukoo huo huo. Basi asije mtu akatuambia kwamba orodha ya vyakula ni jambo geni lisilo na mahali pake katika lugha yetu. Karatasi tunayo, kadi tunayo, jalada tunalo, na menyu tayari tumeipa irabu zetu.

Sasa tutazame jinsi mambo yalivyo katika miji yetu. Kuna daraja tatu za mahali pa kula. Daraja ya kwanza ni kibanda, ambacho vijana siku hizi hukiita "kibandaski". Hapa hapana jalada. Kuna ubao ulioandikwa kwa chaki, au ukuta uliopakwa rangi, na lugha yake ni Kiswahili: chai, mandazi, chapati, maharagwe, ndengu, githeri, matumbo, ugali na sukuma wiki. Tahajia huenda ikapotoka hapa na pale, lakini kila apitaye hufahamu. Daraja ya pili ni hoteli ya kawaida, na kumbuka kwamba kwetu "hoteli" ni mahali pa kula, si lazima pawe pa kulala. Huko utakuta karatasi moja iliyopigwa plastiki pande zote mbili, na lugha imechanganyika, pilau karibu na soseji, sambusa karibu na keki. Daraja ya tatu ni mkahawa wa majalada. Hapo Kiingereza kimetamalaki.

Mtu akizipanga daraja hizi kutoka chini hadi juu, atagundua kwamba kadiri jalada linavyozidi kuwa nene, ndivyo Kiswahili kinavyozidi kuwa chembamba. Wanaisimu wana jina la hali hii. Charles Ferguson, katika makala yake mashuhuri ya 1959, alieleza jinsi jamii inavyoweza kuwa na usemi wa juu na usemi wa chini, kila mmoja ukiwa na uwanja wake. Wengine baada yake waliupanua mtazamo huo ukahusu lugha mbili tofauti, na mwaka wa 1972 Abdulaziz Mkilifi aliutumia kueleza uhusiano wa Kiswahili, Kiingereza na lugha za kiasili katika Tanzania. Mwanafunzi anayetaka kuiona nadharia hiyo kwa macho asihangaike sana. Na aingie kibandani asubuhi, hotelini adhuhuri na mkahawani jioni, kisha alinganishe maandishi aliyoyaona.

Jamaa yangu mmoja, aliyekuwa akijiandaa kufungua mkahawa mdogo karibu na chuo kikuu, aliniomba tufuatane hadi kwa wachapaji wa mtaa wa River Road jijini Nairobi ili nimsaidie kuchagua majalada. Tulionyeshwa ya aina nyingi. Yeye macho yake yalitua juu ya jalada la ngozi bandia, zito, lenye ukingo wa dhahabu. Nikamwuliza ndani yake ataandika nini. Akajibu kwamba ataandika kwa Kiingereza. Nikataka kujua sababu, maana wapishi wake ni wa Pwani, vyakula vyake ni vya Pwani, na wateja wake watakuwa wanafunzi na walimu. Alilipapasa lile jalada, akanitazama, akasema, "Mwalimu, jalada kama hili utaliandikia 'maharagwe' kweli?"

Swali hilo sikulicheka, na ninawasihi wasomaji wasilicheke. Jamaa yangu si mpumbavu. Alilisema wazi lile ambalo wengine hulitenda kimyakimya. Katika mawazo yetu tumekwisha kugawa vifaa na lugha: chaki na Kiswahili, ngozi na Kiingereza. Maharagwe yenyewe hayana kosa. Yakiandikwa kwa Kiingereza yanaweza kukaa juu ya ngozi bila haya, na bei ikapanda. Chakula ni kile kile, sufuria ni ile ile, mpishi ni yule yule. Kilichobadilika ni vazi tu.

Wala ugonjwa huu haukuanza kwetu. Wanormandi walipoishinda Uingereza mwaka wa 1066, lugha ya mezani ikawa Kifaransa. Hadi leo Kiingereza humwita ng'ombe kwa neno la Kisaksoni akiwa zizini, na nyama yake ikifika mezani huiita kwa neno lenye asili ya Kifaransa. Kondoo na nguruwe nao ni vivyo hivyo. Mchungaji alizungumza lugha moja na mlaji akazungumza nyingine. Na katika enzi ya Malkia Elizabeth II, kati ya 1952 na 2022, orodha za karamu za kitaifa katika kasri ya Buckingham ziliandikwa kwa Kifaransa. Kumbe Mwingereza, ambaye lugha yake tunaivika ngozi na dhahabu, mwenyewe alipotaka kuonyesha heshima mezani aliazima lugha ya jirani! Jambo hili linatufunza kwamba hakuna lugha iliyozaliwa na hadhi ya mezani. Hadhi hupewa lugha na watu, na watu hao hao wanaweza kuipa nyingine.

Pana wasomaji watakaosema kwamba haya yote ni mapambo tu, na kwamba hakuna aliyeumia. Mimi nasema wapo wanaoumia, na wengi wao ni wazazi wetu. Siku za mahafali katika vyuo vikuu vyetu, wazazi husafiri kutoka mbali kuja kuwashuhudia watoto wao wakitunukiwa shahada. Baada ya sherehe, mtoto huwapeleka mkahawani, mahali pazuri, kwa kuwa siku kama hiyo haiji mara mbili. Katika siku moja ya aina hiyo nilikuwa nimeketi meza ya pili. Mzee mmoja, aliyevaa koti lake la heshima, alikabidhiwa jalada kubwa la ngozi. Alilifungua, akalitazama kitambo, akageuza ukurasa, akaugeuza tena. Kisha akalifunga taratibu na kumwuliza mhudumu, "Nini kizuri hapa, mwanangu?"

"Kila kitu ni kizuri, mzee," mhudumu akajibu kwa adabu.

"Basi niletee chai."

Mama naye akasema chai. Binti yao, ambaye bado alikuwa na joho mabegani, alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuwasomea wazazi wake vyakula kimoja kimoja kwa sauti ya chini, akivitafsiri. Kulikuwa na samaki wa kupaka. Kulikuwa na wali wa nazi. Vyote hivyo mzee alivifahamu. Lakini alikwisha kusema chai, na mtu wa makamo yake harudi nyuma mbele ya watu. Alikunywa chai.

Hapa ndipo penye uzito wa hoja yangu. Mikahawa ya kumpa mteja orodha achague anachotaka ilishamiri mjini Paris katika karne ya 18, kabla ya Mapinduzi ya 1789. Kabla ya hapo msafiri alikula kile alichopikiwa na mwenye nyumba, kwa saa iliyopangwa. Orodha ndiyo iliyomletea mteja hiari. Menyu ni chombo cha kuchagua, wala haina kazi nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Mteja asiyeweza kuisoma amerudishwa katika zama za kula alichopewa, ila tu sasa anakilipia. Yule mzee hakukosa pesa, wala hakukosa njaa. Alinyimwa hiari na karatasi iliyofungwa ndani ya jalada zuri.

Na si hiari tu. Mgonjwa wa kisukari anahitaji kujua kama mchuzi una sukari. Asiyepatana na njugu anahitaji kujua kama zimesagwa ndani ya mboga. Mwislamu anahitaji kujua nyama ni ya mnyama gani. Chini kabisa ya ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kama sisimizi, huandikwa kuhusu ushuru wa VAT na ada ya huduma. Nayo ni habari inayougusa mfuko wa mlaji. Kifungu cha 46 cha katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Habari isiyoeleweka ni sawa na habari iliyofichwa.

Yapo majibu matatu ambayo wenye mikahawa hunipa, na ni haki niyapime.

La kwanza ni kwamba wageni kutoka ng'ambo hawajui Kiswahili. Ni kweli, na hakuna anayetaka walale njaa. Lakini hakuna aliyesema Kiingereza kiondolewe. Ukurasa una nafasi ya safu mbili. Kule Malindi, ambako Waitaliano wamekuwa wakija na kuishi kwa miaka mingi, wenye mikahawa hawaoni taabu kuandika menyu kwa Kiitaliano. Mgeni anaandikiwa lugha yake kwa sababu ni mteja. Je, mwenyeji si mteja?

La pili ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Wasemao hivi hawajawahi kukaa jikoni na mama wa Kiswahili. Lugha hii ina kuchoma na kubanika, kuoka na kukaanga, kuchemsha na kutokosa, kupaka na kuunga kwa nazi, kuponda na kusonga. Ina mahamri na mandazi, vibibi na kaimati, mkate wa mofa na mkate wa sinia, mishkaki na viazi karai. Palipo na chakula kilichotoka ng'ambo, tulikipokea pamoja na jina lake tukalifanya letu: pilau na biriani tulizipata kwa njia ya Waajemi na Wahindi, chapati tukaipata kwa Wahindi, mvinyo na meza yenyewe tukavipata kwa Wareno. Lugha iliyoweza kuipokea meza haiwezi kushindwa na menyu.

La tatu ni kwamba menyu ya Kiswahili itaushusha mkahawa na kumkimbiza mteja mwenye pesa. Hili ndilo jibu la kweli, maana mengine mawili ni visingizio. Dan Jurafsky, mwanaisimu wa chuo kikuu cha Stanford nchini Marekani, alichunguza maelfu ya menyu katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 2014. Aliona kwamba mikahawa ya bei ya juu hupenda maneno marefu, na ile ya bei nafuu hujaza sifa tupu za utamu na uzuri wa chakula. Maneno, basi, kweli huuza. Lakini kinachouza ni ufundi wa maelezo. Andika "Samaki mzima, amebanikwa kwa makaa na kupakwa tui zito la nazi, ukwaju na pilipili", kisha uniambie ni mate ya nani yasiyomtoka. Kizuri chajiuza.

Hata hivyo, sipendekezi serikali itumie fimbo. Mkoa wa Quebec nchini Kanada, ambao una sheria ya mwaka wa 1977 inayolinda Kifaransa, uliziweka menyu waziwazi katika sheria hiyo: sharti Kifaransa kiwepo, na lugha nyingine isikipiku. Katika mwaka wa 2013 maafisa wa lugha waliulalamikia mkahawa mmoja wa Kiitaliano mjini Montreal kwa kuandika maneno ya Kiitaliano, likiwemo lile la pasta, neno ambalo dunia nzima inalifahamu. Kicheko kilisikika hadi ng'ambo, na mkuu wa ofisi hiyo akajiuzulu. Funzo ni kwamba amri inayosimamiwa bila busara huifanya lugha ichekwe, na lugha inayochekwa haivishwi dhahabu na mtu. Njia ya Kiswahili iwe ni ushawishi na mfano mwema.

Basi mwenye mkahawa afanyeje anapokwenda kuchagua majalada? Namshauri aanze na msomaji, afuatishe maneno, na amalizie na jalada.

Amfikirie msomaji wake: ni mwanafunzi, ni mfanyakazi wa ofisini, ni mzee aliyekuja mjini? Macho yake yanaona vipi? Plastiki inayong'aa sana huakisi taa, na mtu mzima huhangaika kuinamisha karatasi huku na huku ili aone herufi. Karatasi isiyong'aa humfaa zaidi. Jalada kubwa likifunguliwa katika meza ndogo huangusha gilasi. Karatasi ya A5, iliyo nusu ya A4, mara nyingi yatosha. Kuna pia wale waliotupilia mbali majalada kabisa tangu janga la korona la mwaka wa 2020, wakabandika mezani msimbo wa kupiga picha kwa simu. Uamuzi huo nao una msomaji wake: ni mwenye simu ya kisasa iliyo na intaneti. Mzee wa mahafali hayumo.

Kisha ayafikirie maneno na umri wao. Bei za unga, mafuta na nyama hupanda na kushuka, na menyu iliyoshonewa ndani ya ngozi haiwezi kuzifuata. Ndiyo maana tunaona menyu za fahari zilizobandikwa vijikaratasi vyeupe juu ya bei za zamani, kiraka juu ya kiraka, kama suruali ya mvulana mtundu. Jalada la busara ni lile ambalo kurasa zake hubadilishwa: lenye skrubu ubavuni, au vifuko vya uwazi, au ubao wenye kibanio. Jalada kama hilo lina faida ya pili ambayo wachache huiona. Linamruhusu mwenye mkahawa kuanza na ukurasa mmoja wa Kiswahili, akaujaribu mwezi mzima, akausahihisha, na hakuna ngozi iliyoharibika. Jamaa yangu, baada ya mjadala mrefu, alichukua la skrubu.

Maneno hayo yasahihishwe na mtu anayeijua lugha. Nimeona menyu chache za Kiswahili zilizoandikwa "kuku ya kukaanga" na "samaki ya kupaka", kana kwamba hawa hawana ngeli. Wengine huiachia kompyuta ifasiri, na inayotoka ni lugha isiyokuwa na mama wala baba. Menyu mbovu ya Kiswahili huwapa nguvu wale wasemao kwamba Kiswahili hakifai.

Mwisho ndipo jalada lenyewe lifikiriwe. Liwe la kitu kinachofutika kwa kitambaa chenye maji, maana mikono mingi hulipapasa. Likivishwa leso, na ivishwe vizuri ili jina la leso, yaani yale maandishi yake, lisomeke. Lakini leso ya jaladani na maneno ya ndani viafikiane. Leso ni kitambaa kinachosema. Ni dhihaka kuivika orodha ambayo ndani yake lugha ya leso haimo. Hapo Kiswahili kimefanywa pambo, kama shanga shingoni mwa sanamu. Anayeandika "Karibu" jaladani ametoa ahadi, na ahadi ni deni. Kurasa za ndani ndizo zilipaswazo kulilipa.

Nawageukia sasa walimu wenzangu na wanafunzi, maana sisi hatuna haki ya kuwanyoshea kidole wafanyabiashara ikiwa nyumba yetu haijafagiwa. Tangu UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka wa 2021, vyuo na shule huiadhimisha kwa hotuba, mashairi na maigizo. Katika sherehe moja niliyohudhuria tulisikiliza hotuba tamu asubuhi nzima juu ya utukufu wa lugha hii. Saa saba tukaingia kula, na meza yetu ilikuwa imewekewa orodha ya vyakula kwa Kiingereza peke yake. Hakuna aliyeshangaa. Hilo la kutoshangaa ndilo linaloniogofya.

Shule zetu hufundisha uandishi wa resipe, wa matangazo na wa kumbukumbu za mikutano. Kwa nini zoezi la darasa lisiwe ni kuandika menyu halisi ya kantini ya shule, yenye ngeli sahihi na maelezo ya kuvutia, kisha ikatundikwa kantini ikatumika? Kwa nini wanachama wa chama cha Kiswahili wasiende kwa mwenye hoteli iliyo karibu na shule wakamwomba wamwandikie ukurasa mmoja bila malipo? Wanafunzi watajifunza msamiati wa mapishi, mwenye hoteli atapata menyu, na wateja watapata kuchagua. Katika idara za lugha za vyuo vikuu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayetafuta mada ya utafiti asiende mbali. Menyu za mji mmoja tu, zikikusanywa na kuchambuliwa, zinaweza kutuambia mengi kuhusu hali halisi ya Kiswahili.

Walaji nao wana sehemu yao. Ukipewa menyu, uliza kwa upole, "Ya Kiswahili ipo?" Mhudumu atakwambia haipo. Mwulize tena wiki ijayo, na rafiki yako naye aulize. Mfanyabiashara ni msikivu kuliko waziri. Akisikia kitu kinaulizwa mara kumi, ya kumi na moja atakuwa nacho. Haba na haba hujaza kibaba.

Majalada yenyewe sina ugomvi nayo. Na yawe ya ngozi, na yatiwe dhahabu, maadamu mwenye nacho amependa. Ninachotaka ni kwamba yakifunguliwa, "maharagwe" yawemo ndani kwa jina lake, kwa herufi zinazosomeka na bila kuona haya. Lugha ya taifa haiwezi kuwa ya taifa kibandani ikawa mgeni mkahawani. Mwacha mila ni mtumwa, na utumwa ulio mchungu kuliko wote ni ule wa mtu kushindwa kuagiza chakula cha kwao, kilichopikwa na watu wa kwao, kwa sababu kimeandikiwa mtu mwingine.